Nilivyojifunza kutangaza kazi ya kuziba vioo vya magari Msamvu

Wiki ya kwanza baada ya kufungua kibanda changu Msamvu, Morogoro, mwaka 2019, nilipigiwa simu kumi na moja. Idadi naikumbuka kwa sababu nilikuwa nazingoja moja moja. Saba zilikuwa za watu wanaojenga: wanataka madirisha ya alminiamu, wananiuliza futi ya kioo ni shilingi ngapi. Wawili walitaka tinti. Mmoja alivunjiwa kioo cha pembeni na bodaboda. Wa mwisho, mama mmoja wa Kihonda, aliuliza kama nina vioo vya kujitazamia vya ukutani. Mwenye kioo cha mbele kilichopigwa na jiwe hakupiga hata mmoja, na mimi kazi yangu ilikuwa hiyo tu.

Kosa lilikuwa kwenye bango langu. Nililichapisha kwa hela nzuri, maandishi mekundu makubwa: FUNDI VIOO. UBORA, HARAKA, BEI NAFUU. Nililiona zuri mno. Lakini hapa kwetu ukimwambia mtu "fundi vioo", anachokiona kichwani ni dirisha la nyumba. Na hayo maneno mengine matatu yameandikwa kwenye kila kibanda kuanzia cha chipsi mpaka cha simu, jicho limeshayazoea na linapita. Nilikuwa nimelipia bango lisilosema lolote.

Niieleze kazi yenyewe kidogo, maana bila kuielewa huwezi kujua kwa nini kuitangaza ni kugumu. Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili za kioo, na katikati yake umelazwa utando wa plastiki. Ndiyo maana jiwe likikipiga kinajeruhika lakini hakimwagiki. Vioo vya milangoni ni vingine: vimechomwa na kupozwa ghafla kiwandani, vikipigwa vinakuwa punje kama chumvi ya mawe, hapo hakuna cha kuziba. Kwenye kioo cha mbele, jeraha likiwa dogo na liko tabaka la nje, fundi anakifunga kifaa chenye kikombe cha kunyonya juu ya lile shimo, anavuta hewa iliyomo ndani, kisha anasukuma gundi maalumu ya majimaji tunayoiita rezini. Ikishajaza kila mshipa wa ule ufa, unaimulika kwa taa ya mionzi, inaganda. Unaparua kwa wembe, unasugua, basi. Nusu saa, mara chache saa nzima. Mara nyingi ufa hausogei tena.

Sasa tatizo ni hili: wenye magari wengi niliokutana nao hawakuwa wanajua kama kitu hicho kinawezekana. Kwao kioo kikipigwa na jiwe kuna njia mbili, kununua kipya au kuendelea nacho hivyo hivyo mpaka kipasuke chote. Mtu hatafuti asichojua kuwa kipo. Baba mdogo wangu, aliyenikopesha sehemu ya mtaji, alikuwa akinituliza kila nikimlalamikia: "Tulia, mwanangu, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Namheshimu sana, lakini kwa kazi hii methali hiyo ilinipotezea miezi mitatu. Mboga za Mgeta zinajiuza kwa sababu mnunuzi anaziona na anajua kuzipika. Ufa uliozibwa vizuri hauonekani, na mwenye gari mwenyewe baada ya wiki anasahau ulikuwa wapi.

Nikaliondoa lile bango, nikaandika lingine kwa maneno ya mtu anayeongea: KIOO CHA MBELE KIMEPIGWA NA JIWE? USIKIBADILISHE BADO. TUNAZIBA UFA, SHILINGI 30,000. Wenzangu walinishauri nisiweke bei, eti mteja akiiona anakimbia, na ukificha anakuja mkaelewana. Sikubaliani nao hadi leo. Mtu ambaye hajui huduma ipo hajui pia inaelekea bei gani. Anahisi lazima ni laki na kitu. Akiona elfu thelathini, na anajua kioo kipya cha gari lake ni ghali kuliko hapo kabla hajamlipa fundi, hesabu anaipiga mwenyewe akiwa kwenye foleni. "Bei njoo inboksi" ni kumwambia mtu mwenye haraka asimame kwanza akubembeleze. Kwa dereva aliye safarini hilo haliwezekani.

Bango hilo la pili nalo nililisimika karibu mno na lami, likachorwa alama ya X nyekundu. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na mimi nilikuwa ndani kabisa. Anayetaka kusimamisha bango apime kwanza, na aulize ushuru wa mabango kwenye halmashauri yake kabla hajamlipa mchapishaji. Mimi nililipia bango moja mara mbili.

Kilichonibadilishia biashara kilikuwa kioo kibovu. Nilikinunua kwa wauza vipuri chakavu, cha mbele cha Noah, kimepigwa sehemu nyingi kwa mawe. Nikakiegemeza mbele ya kibanda kwenye stendi ya mbao, kwenye kivuli, maana jua la Morogoro linagandisha rezini kabla hujamaliza kuisukuma. Majeraha ya upande wa kushoto nikayaacha kama yalivyo, ya upande wa kulia nikayaziba. Juu nikabandika karatasi: GUSA. Ungeona watu. Utingo anashuka kununua maji, anapita, anasoma, anapeleka kidole. Kushoto kucha inakwama kwenye shimo. Kulia kucha inateleza. Anarudia. Anainamisha kichwa kutafuta pale palipokuwa na jeraha, anamwita dereva wake. Hapo mimi sijasema neno. Nilikuwa nimetumia siku nzima nzima kueleza kwa mdomo jambo ambalo kucha ya mtu inalielewa kwa sekunde mbili.

Lakini kioo kile kilihubiria waliopita pale tu. Nilitaka kuwafikia wengine siku ileile jiwe linapowapiga, kabla joto la mchana na baridi ya kiyoyozi havijaukimbiza ufa. Nikajiuliza: baada ya mwenye gari, nani wa kwanza kuliona jeraha? Mara nyingi hata mwenye gari hajaliona. Anayeliona ni kijana anayeosha gari. Yeye ndiye anayepitisha kitambaa kwenye kioo sentimita kwa sentimita, na kitambaa kikinasa anajua.

Nikaanza kuzungukia sehemu za kuosha magari. Vijana wale wamezoea kupewa kadi na watu wa aina yangu. Wanazipokea kwa adabu, zinaishia kwenye ndoo. Sikuwapa kadi. Nilikaa nao. Nikawafundisha kutofautisha: jeraha la duara dogo kuliko sarafu ya mia mbili, linazibika. Lililotoa miguu kama buibui, pima miguu. Ikiwa mifupi kama kidole, linazibika. Lililofika ukingoni mwa kioo, hapana. Lililo usawa wa macho ya dereva, nipigie kwanza. Nikawaeleza pia jambo ambalo hawakuwa wanalijua, na ambalo liliwagusa zaidi ya hela: maji yenye sabuni na presha yakiingia kwenye lile shimo, gundi haishiki tena vizuri. Kwa hiyo wao, bila kukusudia, walikuwa wanaharibu vioo ambavyo vingeweza kupona.

Hapo ndipo stika ilipozaliwa. Nilichapisha stika za plastiki angavu, za duara, pana kama kifuniko cha chupa kubwa ya maji. Pembezoni pameandikwa "Usitoe. Leta Msamvu tuzibe" na namba ya simu. Kabla ya kumwaga maji, kijana akiona jeraha anapafuta pakavu, anabandika, kisha ndipo anaosha. Mwenye gari akirudi anamwonyesha: bosi, hapa pamepigwa, nimepafunika pasiingie uchafu, kuna fundi anaziba kwa elfu thelathini. Anakuwa amemfanyia mteja wake wema wa kweli, hajamsumbua kwa tangazo. Na ile stika inaondoka na gari. Dereva anaiona asubuhi, anaiona jioni, abiria wake anauliza "hii ni nini?" Hakuna tangazo nililowahi kulipia likakaa mbele ya macho ya mtu anayelihitaji kwa siku saba mfululizo. Stika zenyewe mia moja hazikufika bei ya bango.

Kila mteja aliyekuja kupitia kijana, nilimpa kijana yule shilingi 5,000, siku hiyohiyo, kwa simu. Nasisitiza siku hiyohiyo. Kuna kipindi nilibanwa na kodi ya kibanda, nikawaambia vijana wavumilie hadi mwisho wa mwezi. Hawakugomba. Waliitikia "sawa kaka, hamna shida", na wiki iliyofuata hakuna gari hata moja lililokuja na stika. Nililipa madeni yote kwa pamoja, nikaenda mmoja mmoja kuwaomba radhi, na ilichukua zaidi ya mwezi uaminifu kurudi. Elfu tano ya kijana wa kuosha magari ndiyo chakula chake cha usiku. Ukiichezea, umeuza kitega uchumi chako bora kuliko vyote.

Baada ya waoshaji nikaenda kwa watu wa pancha, ambao madereva wa malori hawakosi kwao. Barabara hii ya kwenda Iringa, Mbeya hadi Tunduma inabeba mizigo ya Zambia na Kongo, na katikati yake yanapita magari ya IT, yale yanayotoka bandarini Dar kupelekwa kwa wenyewe nje ya nchi. Sikuwa nimewafikiria madereva wa IT kabisa. Mmoja aliletwa na mtu wa pancha, gari bado lina karatasi za Japani kwenye kioo, na jiwe limempiga mbele kidogo ya Chalinze. Alikuwa na hofu kuliko mwenye gari angekuwa nayo. Aliniambia wakikabidhi gari na kasoro, inakatwa kwenye malipo yao. Nilimziba kwa dakika arobaini akaendelea na safari. Tangu hapo wananifahamu; wanapeana namba wao kwa wao, hata dereva wa Lubumbashi amewahi kunipigia akiwa bado yuko Mlandizi, kwa Kiswahili cha kwao kitamu, akinisihi nisifunge.

Mtandaoni nilikula wa chuya kwanza. Nililipia tangazo lisambazwe, na sikuchagua eneo, nikaliacha nchi nzima. Nikapata mamia ya "nimependa," wengi kutoka Mwanza na Arusha, na maswali ya vioo vya simu. Mtu wa Mwanza atapendaje huduma ya Msamvu? Sasa nikilipia, nachagua duara dogo kuzunguka mji, siku chache tu, na nafanya hivyo wakati barabara inatengenezwa na kokoto zimemwagwa, kwa kuwa ndipo vioo vinapigwa. Miezi mingine silipii kabisa.

Kitu cha bure kimenisaidia kuliko hicho cha kulipia: kujiweka kwenye ramani ya Google. Mtu ambaye jiwe limempiga barabarani anasimama, anatoa simu, anaandika "kioo cha gari Morogoro". Niliweka picha ya kibanda kilivyo ukikitazama kutoka barabarani, si picha ya ndani, maana anayekutafuta anataka kujua asimame wapi. Niliweka saa za kazi za kweli. Na kila mteja aliyeridhika namwomba, akiwa bado amekaa kwenye benchi, aandike neno moja la maoni. Akishaondoka haandiki, hata akikupenda vipi.

Picha za kabla na baada nazo nilizitumia vibaya. Nilikuwa napiga ya kwanza juani, ufa unang'aa kama radi, na ya pili kivulini, hakuna kinachoonekana. Zilipendwa sana kwenye stetasi. Kisha akaja kaka mmoja na Harrier yake, nikamziba vizuri kabisa, ufa umesimama imara, akainama akatazama akasema, "Fundi, mbona kovu naliona? Kwenye picha yako halikuwepo." Alikuwa na haki. Rezini inarudisha nguvu na inazuia ufa kusambaa. Haifuti jeraha moja kwa moja, inabaki alama kama doa la maji. Nilimrudishia nusu ya pesa. Tangu siku hiyo napiga picha zote mbili mahali pamoja, mwanga mmoja, na chini naandika: "Ufa umesimama. Alama ndogo inabaki." Nilidhani wateja watapungua. Waliokuja walikuwa wametulia, hawabishani, kwa sababu walijua wanachonunua.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba mshirika wangu mkubwa wa leo ni muuza vioo vipya, mtu niliyemhesabu kuwa mpinzani. Ilianza na mama mmoja mwenye magari matatu ya kubeba wanafunzi. Alinijia jioni, ufa umetoka ukingoni mwa kioo umepanda mpaka katikati, zaidi ya mkono mzima.

"Mwanangu, ziba tu," aliniambia, "kesho saa kumi na moja asubuhi nina watoto wa kupeleka."

"Mama, nikiziba nitakula hela yako bure. Ufa ulioanzia ukingoni hausimami. Na humo wanapanda watoto."

Alinitazama muda mrefu. Nilifunga kibanda nikaenda naye dukani kwa yule muuzaji, nikasimamia kioo kipya kikifungwa mpaka saa tatu usiku. Sikupata hata mia. Yule mama alirekodi sauti usiku uleule, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, akieleza kwa urefu kilichotokea. Nilikuja kuisikia kwa mtu mwingine wiki mbili baadaye. Na muuza vioo, aliyekuwa akiniangalia kama mwizi wa wateja wake, akaanza kunitumia watu wenye majeraha madogo, maana wale walikuwa wanamchosha kwa kubishana bei ya kioo kizima ambacho hawakukihitaji. Mimi namtumia wenye nyufa kubwa. Hatujawahi kuandikiana mkataba.

Redio nilijaribu mwezi mmoja. Sauti yangu ilipendeza, ndugu walinipigia kunipongeza. Kama ilileta wateja siwezi kusema, kwa sababu wakati huo nilikuwa bado sijaanza kuandika. Sasa nina daftari la mistari, na swali moja kwa kila anayeingia: "Umetujuaje?" Naandika tarehe, gari, jibu lake. Nikifunga mwezi nahesabu. Waosha magari na watu wa pancha wanaongoza kila mwezi, bila kukosa; wanafuata walioambiwa na mteja mwingine, kisha ramani. Bango lenyewe linashika mkia, ila silitoi, kwa sababu linamsaidia aliyeelekezwa kunipata. Bila daftari ningekuwa bado naipelekea redio hela za rezini.

Makampuni yenye magari mengi ni habari ndefu kidogo. Niliandika barua, nikazipeleka kwa mkono nikiwa nimevaa shati la kuchomekea, na mbili zilinijibu. Kazi ipo, lakini wanataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na wanalipa baada ya siku nyingi. Anayeanza asiyapigie mbio mpaka awe na akiba ya kununua rezini ya miezi miwili bila kugusa pesa yao.

Juzi, saa moja kasoro usiku, nikiwa natoa stendi kuingiza ndani, picha iliingia kwenye simu kutoka kwa kijana anayeosha magari barabara ya Dodoma. Alianza kazi pale akiwa hajui kama kioo cha mbele kina tabaka mbili. Amepiga picha jeraha kwa karibu, kando yake ameweka sarafu ya mia mbili kama kipimo, bila mimi kumfundisha hilo la sarafu kwenye picha. Chini ameandika: "Kaka, miguu mitatu, mmoja umeelekea ukingoni ila haujafika. Nimepakausha na kubandika. Bosi yuko safarini Gairo, anarudi kesho. Nimwambie asiwashe kiyoyozi?"

Nikamjibu amwambie, na aje kabla ya jua kupanda.